Mhadhara Mkuu wa Kumbukizi ya Taifa, Kama Nilivyouandaa Mimi Mwenyewe

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye tunaambiwa yuko njiani. Wazee wetu wa safu ya mbele mliokuja kwa ajili ya feni. Vijana wangu wa safu ya nyuma mliokuja kwa ajili ya soda. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Pale ambapo haikuzingatiwa, nimeizingatia mimi.

Halo. Halo. Moja, mbili. Fundi, punguza mwangwi kidogo, haya nitakayosema yana mwangwi wake yenyewe.

Nimealikwa hapa na kamati ambayo mimi ni mwenyekiti wake, nizungumzie burudani na siasa za nchi yetu tangu enzi za redio ya mbao hadi enzi hizi za kujipiga picha msibani. Wapo watakaouliza: kwa nini wewe? Swali la haki kabisa. Mimi ni profesa. Cheo hiki sikupewa na chuo, maana vyuo vina urasimu nami sikutaka kuwasumbua watu wenye kazi zao. Nilipewa na kijiwe cha kahawa cha mtaani kwetu, kwa kauli moja, siku nilipoeleza kwa nini Yanga ingefungwa, na ikafungwa. Wenzangu wa vyuoni hutembea na vitabu. Mimi natembea na kumbukumbu, na haijawahi kutokea mtu akazipinga akiwa ananidai.

Jambo moja la kiutawala kabla sijaanza. Ukumbi tumepewa hadi saa kumi, kisha kuna kichen pati. Dada zetu wa mapambo wakiingia na vitambaa na maua ya plastiki msibabaike. Elimu haikatizwi na utepe.

Sasa andikeni. Ninayewaletea leo ni Nadharia ya Kipaza, mali yangu halali. Inasema hivi: mwenye kipaza ndiye mwenye nchi, na mwenye nchi lazima, ama mapema ama baadaye, amtafute mwenye sauti. Mengine yote mliyosoma kuhusu uchumi, itikadi na Vita Baridi ni maelezo ya pembeni.

Zama za kwanza naziita Zama za Kipaza Kimoja. Bara tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Ilikuwa redio bora kuliko zote kwa sababu zote ilikuwa ni hiyo. Televisheni hatukuwa nayo. Ndugu zetu wa Zanzibar waliipata 1973, tena ya rangi. Sisi tukasubiri hadi 1994. Miaka 21! Mwalimu Nyerere aliiona ni anasa kwa nchi maskini, na nikiwatazama mlivyoinamia simu zenu hivi sasa wakati mtu wa kiwango changu anazungumza, naanza kumwelewa.

Nyumbani kwetu redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kitufe chake kilikuwa na mkono mmoja tu ulioruhusiwa kukigusa, mkono wa baba. Betri zikichoka hazikutupwa. Zilianikwa juani, zimepangwa mstari juu ya ukuta wa choo, jioni zikarudishwa ndani zikatoa taarifa ya habari nzima na nusu ya matangazo ya vifo kabla sauti haijaanza kuvuta. Kwa hiyo kuna watu tulijua wamefariki lakini hatukujua wanazikwa wapi. Hiyo ndiyo hali halisi ya mawasiliano ya umma ya miaka ile, na hamtaikuta katika kitabu chochote, mpaka nitakapoandika changu.

Na muziki ulipigwa na nani? Hapa kizazi hiki huacha mdomo wazi. Muziki ulipigwa na taasisi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Polisi walikuwa na bendi. Magereza, nasema Magereza, walikuwa na bendi, na nasikia wasikilizaji wao wengine hawakuwahi kuondoka kabla wimbo haujaisha. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Chama kilipogeuka JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Kilipogeuka OTTU, ikawa OTTU Jazz. Gitaa lilelile, tarumbeta zilezile, mashabiki walewale, leo tunaiita Msondo Ngoma. Mwanahistoria wa kawaida anayetaka kujua vyama vya wafanyakazi vilivyobadilika nchini ataomba kibali cha kuingia kwenye nyaraka za taifa. Mimi naangalia ubavuni mwa ngoma walichoandika.

Na hao wanamuziki wa mshahara waliimba nini? Waliimba Chama, ndiyo. Kila bendi ilikuwa na mgao wake wa Azimio la Arusha na mshikamano, unapigwa mapema watu wakiwa bado wanatafuta viti. Mgao ukiisha waliimba mapenzi, fitina za mawifi, mwenye nyumba anayedai kodi, mshahara unaokatika tarehe 15, mji unaomgeuka mgeni. Mtumishi wa umma, kwa gitaa la umma, akaulalamikia mji unaoendeshwa na umma, na umma ukacheza. Likumbukeni hili. Nitalihitaji tutakapofika 2019, kama dada zetu watatufikisha.

Bila shaka kipaza hicho kimoja kilikuwa na mlinzi mlangoni. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, aliyehamia Dar es Salaam 1978, alitoa wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati Ukimwi unatumaliza. Aliuita "Mambo kwa Soksi". Redio ya taifa ikaona soksi hizo hazifai masikioni mwa taifa, ikaukataa. Matokeo yake mji mzima ukaujua. Leo pale Sinza kuna kituo kinaitwa kwa Remmy, konda anakitaja siku nzima. Nimetafuta kituo kilichopewa jina la aliyeukataa ule wimbo. Utafiti unaendelea.

Zama za pili. Mwalimu aling'atuka 1985, akaingia Mzee Ali Hassan Mwinyi, na wananchi wakambatiza Mzee Ruksa. Ili mwelewe uzito wa jina hilo, rudini nyuma miaka miwili tu, 1983, ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo watu wenye katoni ya sabuni walikuwa wakiitupa usiku wasikutwe nayo. Sasa sabuni ileile imepangwa kando ya barabara mchana kweupe na muuzaji anakuita "mjomba". Kuna wachumi wameandika mengi juu ya mageuzi yale. Mimi nasema ilikuwa ni sabuni kutoka kwenye kificho.

Na mavazi! Nchi hii, 1968, ilitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Vijana wa chama walikuwa walinzi wa mapaja ya taifa. Halafu marobota ya mitumba yakafunguliwa, na utamaduni wa dunia nzima ukaingia bila viza, kwa kupimwa. Mzee wa kanisa alionekana na fulana iliyotangaza baa ya Texas, na aliivaa kwa unyenyekevu kabisa kwenye mazishi. Hakuna operesheni iliyoundwa. Operesheni zilikuwa zimechoka.

Dada, samahani, kiti hicho kina mtu. Ndiyo, mzee amesinzia, lakini bado ni hadhira.

Naendelea. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi wanataka chama kimoja au vingi. Kama asilimia 80 wakasema kimoja kinatosha. Kama asilimia 20 wakasema vingi. Wakashinda asilimia 20. Nimepekua hesabu za chaguzi zetu zote zilizofuata na sijaona tena walio wachache wakishinda, ingawa nimekutana na wagombea wengi walioapa kwamba ndicho kilichowapata wapinzani wao.

Vyama vingi vikaruhusiwa 1992. Sasa tulieni, maana hapa nadharia yangu inang'aa. Chama kilichokuwa peke yake kwa miaka yote hiyo kimeambiwa ushindani unakuja. Kingeweza kuita wanafalsafa. Kingeweza kuita wachumi. Mwaka huohuo 1992 CCM ikaunda kikundi cha sanaa, Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Kwaya, ngoma, maigizo, na silaha nzito kuliko zote, taarab. Katika vita vyote vya kidemokrasia nilivyovichunguza, na nimevichunguza vyote, hii ndiyo serikali pekee iliyokabili upinzani kwa kinanda na matarumbeta.

TOT walikuwa na Khadija Kopa. Upande wa pili kulikuwa na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, na Nasma Khamis. Ninyi mliozaliwa juzi mnadhani ugomvi wa mashabiki wa wasanii umeanzishwa mtandaoni. Nawahurumia. Mlikuwa hampo ukumbini. Mwimbaji wa mipasho hamtaji mtu. Anatazama juu ya vichwa vya watu, mkono kiunoni, anasema yupo mmoja hivi, ana tabia hivi, anajijua. Ukumbi mzima unamjua. Mama mmoja ananyanyuka meza ya nyuma, noti ameibana kati ya vidole viwili, anakuja akicheza taratibu, hana haraka, kila hatua amegeuza shingo kuelekea meza fulani pembeni. Anafika jukwaani, anaibandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji, na bado macho yake yako kule kule pembeni. Kule pembeni mama mwingine anafungua pochi, anatafuta noti kubwa zaidi.

Hapo, mabibi na mabwana, ndipo Tanzania ilipojifunza siasa za vyama vingi. Sikilizeni hotuba yoyote ya jukwaani tangu wakati huo: wapo wenzetu wachache, hatutawataja, wasioitakia mema nchi yetu, wanajijua. Huo ni mpasho. Umepungukiwa fidla tu. Na kampeni ikipita mtaani huacha kofia, fulana na khanga, yaani huacha yaleyale ya ukumbini, isipokuwa noti sasa inatoka jukwaani kuja mezani.

Kwenye uchaguzi wa 1995 sitakaa sana. Augustine Mrema aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani alihamia NCCR-Mageuzi, na vijana wakawa wanalisukuma gari lake kwa mikono, gari zima, lenye injini na mafuta. Nilikuwa nyuma ya bampa, kwa ajili ya utafiti. Akapata kama asilimia 28, Benjamin Mkapa kama 62, na Dar es Salaam uchaguzi ukarudiwa kwa vurugu za vifaa na ucheleweshaji. Funzo la kitaaluma: gari lenye mafuta huweza kusukumwa hadi mwisho wa barabara na lisifike Ikulu.

Zama za tatu, Vipaza Vingi. Radio One na ITV zikaanza 1994, Clouds FM ikafuata 1999, na ghafla kila kijana aliyekuwa na daftari la Hisabati akawa na mashairi kurasa za nyuma. Muziki wao ukaitwa Bongo Fleva. Wazee tukasema ni uhuni. Nilisema mimi mwenyewe, kwa kipaza, kwenye harusi, nikiwa nimewalipa wapige.

Mwaka 2001 Professor Jay, Joseph Haule, akatoa "Ndio Mzee". Nitawaeleza kilichomo bila kuimba, kwa kuwa nina sauti ambayo ingewatoa kwenye mada. Ni mgombea jukwaani anaahidi makubwa, kisha makubwa kuliko hayo, kisha yasiyowezekana kabisa, na kila ahadi umati unamwitikia kwa unyenyekevu ule ule uliomo kwenye jina la wimbo. Mgombea anachekesha, lakini mwenye wimbo ni ule umati. Nchi nzima ikacheka. Mikutanoni wanasiasa nao wakacheka, wakauliza kama umefahamika, wakaitikiwa kwamba umefahamika.

Halafu? Mwaka 2010 Sugu, Joseph Mbilinyi, mmoja wa waasisi wa rap ya Kiswahili, akachaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2015 Professor Jay naye akashinda Mikumi. Hapa nataka jambo moja liwekwe wazi: uprofesa wake ni wa jukwaani, wangu ni wa kweli. Mwandishi wa "Ndio Mzee" sasa yuko jukwaani anaomba kura, na umati uko mbele yake. Ningeomba fundi atuoneshe mchoro wangu namba saba. Projekta hakuna? Basi fikirini mshale unaojizungusha ukajichoma mgongoni.

Sugu 2018 alifungwa miezi mitano na mahakama ya Mbeya kwa maneno juu ya Rais, akatoka kabla haijaisha. Mwaka 2020 wote wawili wakatoka bungeni, na mlango haukupoa: akaingia MwanaFA, Hamis Mwinjuma, wa Muheza, kwa CCM, ambaye 2023 akateuliwa naibu waziri mwenye dhamana ya utamaduni, sanaa na michezo. Akaingia pia Hamisi Taletale, Babu Tale, meneja wa wasanii. Kipaza hakikuzima. Kilibadilisha waya.

Turudi kwenye zile kofia na khanga za kampeni, yaani takrima, maana naona mnapenda vitu vya kupewa. Sheria ya uchaguzi iliwahi kumruhusu mgombea awakirimu wapiga kura kwa nia njema. Ukarimu ni mila yetu, nani atapinga? Mahakama Kuu ikapinga, 2006, ikasema ni kinyume cha Katiba. Mke wangu ana khanga za kampeni tano zilizopita, zimekunjwa kwa mwaka na kwa jimbo. Namwambia hizo ni nyaraka. Anaosha nazo vyombo.

Na sasa ugunduzi ambao nina hakika utanipa heshima ninayostahili: Sheria ya Maneno ya Kauli Mbiu. Mwinyi, Ruksa: neno moja. Mkapa, Ukweli na Uwazi: maneno matatu. Kikwete 2005, Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya: sita! Akapata asilimia 80. Mwaka 2010 "mpya" ikageuzwa "zaidi", kura zikaporomoka hadi asilimia sitini na kitu. Wengine watakuambia ni bei ya vitu, ni ufisadi, ni mgao wa umeme. Ni kivumishi. Magufuli, Hapa Kazi Tu: tukashuka, matatu. Kisha Kazi Iendelee: mawili. Ukiuchora huo mlima unaona mwenyewe tunakoelekea: kauli mbiu ijayo itakuwa neno moja, na itakayofuata itakuwa ni kutazamana.

Dada, hilo pazia la pinki linanikaa kichwani. Asante. Hapana, liache, limenipa mwonekano.

Katika zama hizi wanasiasa walianza kutoa vibao bila kuingia studio. Mwaka 2008 Andrew Chenge, akiwa waziri, aliulizwa juu ya fedha zake nje ya nchi, zaidi ya dola milioni moja, akaziita vijisenti. Hakukuwa na promota wala video, na kikawa kibao cha mwaka. Dukani, kwenye daladala, kwenye mahari, kila mtu na vijisenti vyake. Katika sakata la Escrow la 2014 tukapata "hela ya mboga", ambayo ilikuwa shilingi milioni 10. Nilikwenda sokoni kuhakiki kitaalamu ni mboga gani hizo. Nilirudi na mchicha.

Na Bunge lilikuwa mubashara! Februari 2008, ripoti ya kashfa ya kampuni ya Richmond inasomwa, kamati ya Mwakyembe, Waziri Mkuu Edward Lowassa anasimama na kujiuzulu, baa imejaa mchana wa siku ya kazi na hakuna aliyeagiza nyama kwa kuogopa kupitwa. Hakuna tamthilia ya Ufilipino iliyowahi kushika watu namna ile. Kisha Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba televisheni ya taifa haitaonesha tena Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Naafiki. Tamthilia nzuri ni ghali.

Kuna jambo moja la zama hizi ambalo wapinzani wangu hulitumia kunishambulia, nami nitalikabili kwa ujasiri. Mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, akawa anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Hakuwa na redio. Hakuwa na bango. Hakuwa na kipaza. Magari yakapanga foleni ya siku kadhaa porini, watu wakalala chini ya malori, mawaziri na wabunge wakanywa kikombe kilekile, wengine wakashuka na helikopta. Wanasema: Profesa, nadharia yako iko wapi hapo? Jibu langu ni kwamba helikopta ina kelele.

Majirani zetu wa Kenya nitawapa dakika moja kwa sababu wana wasomi wao, ingawa hawajanialika. Kwao Rais Moi alisifiwa na kwaya za shule hadi watoto wakadhani ni zoezi la Muziki. Kisha vijana wa Redykyulass wakaanza kumwiga kwenye televisheni, na 2002 Gidi Gidi Maji Maji wakatoa "Unbwogable", wimbo wa vijana waliojisifu tu kwamba hawatishiki, muungano wa upinzani, NARC, wakaubeba mzima mzima hadi Ikulu. Wenye wimbo walikuwa wanaongelea mambo yao. Ndivyo siasa inavyokodi: inakukuta unaimba, inakuvalisha fulana.

Zama za nne, na za mwisho kwa mujibu wa saa ya ukumbi: kipaza kiko mfukoni mwako. Uchaguzi wa 2015 ulikuwa wa viungo vya mwili. John Magufuli alipiga pushapu jukwaani kuonesha ana afya. Upande wa Lowassa, ambaye sasa alikuwa CHADEMA, walizungusha mikono kama kocha anayeomba mchezaji abadilishwe. Sera zilikuwepo, nina hakika, ila hazikuwa na mazoezi.

Machi 2017 Nay wa Mitego akatoa wimbo "Wapo". Akakamatwa, wimbo ukapigwa marufuku. Kesho yake waziri mwenye dhamana akatangaza kwamba Rais ameupenda, msanii aachiwe, wimbo upigwe, na ikiwezekana aongeze na watu wa aina nyingine aliowasahau. Nimesoma historia ya udhibiti wa sanaa tangu Wagiriki, na hapa peke yake ndipo nimeona mkosoaji akiachiwa na kurudishiwa kazi yake na masahihisho. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: ukitaka kublogu mawazo yako, ada na leseni jumla shilingi milioni 2.1. Mawazo mengi niliyokutana nayo hayafiki thamani hiyo, kwa hiyo yalinyamaza.

Na sasa lile nililowaambia mlikumbuke. Nani analikumbuka? Hakuna. Sawa. Wale wa bendi za kiwanda na za gereza, walioajiriwa, wenye mshahara wa serikali na mlinzi mlangoni, walitoa mgao wao wa sifa kisha wakarudi kumwimba mwenye nyumba na kodi yake. Hawa wa soko huria, wenye studio zao, magari yao, walinzi wao na mamilioni ya wafuasi, ambao hakuna chama cha wafanyakazi kinachowalipa hata nauli, ilipofika 2019 na 2020 waliuchukua wimbo uliovuma wakaubadilisha maneno ukawa jina la Rais. Harmonize alifanya. Diamond alifanya. Majukwaa ya kampeni yalibeba wasanii wengi hadi mgombea akawa anaonekana ndiye aliyealikwa kutumbuiza. Hakuna aliyewapa mgao. Walijigawia. Mimi hilo silikosoi. Nililitazama nikiwa nimevaa kofia yao, jua lilikuwa kali.

Naam, mkono umenyooshwa nyuma kule. Sema, mwanangu, sauti juu, dada zetu wanapuliza maputo.

Anauliza: Profesa, na zama hizi tulizo nazo?

Swali zuri sana. Zuri kiasi kwamba sitaki kuliharibu kwa jibu. Fundi, nipatie maji. Taaluma yetu ina kanuni, mwanangu, na kanuni ya kwanza ni kwamba mtafiti makini husubiri. Mhusika astaafu. Apumzike. Aandike kitabu cha maisha yake. Kitabu kizinduliwe, tualikwe, tule. Hapo ndipo ujasiri wa kisayansi huanza kunipanda, na nikianza sishikiki. Mimi ni mkali sana kwa waliokwishaondoka; muulize yeyote. Mzee Mwinyi alipenda kusema kila zama na kitabu chake, nami naongeza: usinunue kabla hakijatoka.

Unasema hilo si jibu. Sikia, kijana, unaitwa nani? Hapana, usiseme, kipaza kiko wazi.

Naona MC wa kichen pati ameshika kipaza cha pili na tayari anahesabu moja, mbili. Hatuna ugomvi, nimempa kadi yangu. Nafanya pia sendofu, ubarikio, na uzinduzi wa visima.

Kwa hiyo wale wa posho, msitawanyike. Karatasi ya mahudhurio inapita sasa hivi, anzeni na mzee aliyesinzia, mshikieni kalamu. Kila mtu aandike jina mara moja, asaini mara mbili, na pale penye kiasi cha fedha paacheni wazi, nitapajaza mimi nyumbani.